Uzuri Usioniliza

Niliitazama filamu ya Elvira Madigan katikati ya watu waliokuwa wakipangusa machozi. Yangu hayakutoka. Nilirudi nyumbani nikijiuliza: ni filamu iliyopungukiwa, au ni moyo wangu uliokufa ganzi?

Filamu hiyo ilitengenezwa mwaka 1967 na Bo Widerberg wa Sweden, naye alikitumia kisa cha kweli. Luteni Sixten Sparre alitoroka jeshi ili awe na Elvira, binti wa sarakasi aliyekuwa akicheza juu ya kamba. Fedha ziliwaishia. Mwezi Julai 1889, katika kisiwa cha Tåsinge huko Denmark, Sparre alimpiga risasi mpenzi wake, kisha akajiua. Elvira alikuwa na umri wa miaka 21.

Sijapata kuona picha nzuri kuliko zile. Jua la kiangazi limetulia juu ya nyasi na juu ya nywele za msichana, na piano ya Mozart inapita taratibu kama upepo. Hata njaa yao inapendeza wanapookota matunda na uyoga porini. Mwishoni Elvira anakimbiza kipepeo. Anapomshika, picha inaganda, na mlio wa bastola unasikika. Damu hatuioni.

Hapo ndipo nilipopoa. Sparre alikuwa na mke na watoto wawili. Katika uzuri wote ule, nafasi yao ni finyu mno. Nilimkumbuka mama mmoja wa mtaani kwetu aliyeachiwa watoto na mume aliyesema kwamba amepata penzi la kweli. Sikumbuki muziki wowote siku ile. Nakumbuka sufuria tupu, na mtoto aliyekuwa akienda barabarani kila jioni kumngoja baba yake.

Mtu ataniambia kwamba sanaa si mahubiri, na kwamba Widerberg alituonyesha dunia kama wapendanao wanavyoiona. Nakubali. Anayependa huliona ua moja tu, kwa kuwa amelishika karibu mno na jicho. Lakini mimi mtazamaji sikuwa katika penzi lile. Kwa nini nami nisione kilicho nyuma ya ua?

Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Sisemi kwamba filamu ile ni mti mtupu, wala kwamba waliolia walidanganyika. Walimlilia binti aliyekufa kijana, na kilio hicho ni haki yake. Nami sina la kujivunia, maana macho makavu peke yake si wema. Mama yule wa mtaani sikupata kumpelekea hata kibaba cha unga.

Basi nadhani moyo wangu haukuwa umekufa. Ulikuwa umetoka nje ya picha, ukiwatafuta wale wasiopigiwa piano. Ila kuwatafuta kwa mawazo tu, nikiwa nimeketi kwenye kiti laini, nako hakutoshi.