Uvimbe Huu ni wa Nani?

Ukitoka Mchikichini kuelekea Kariakoo utaona mirunda ikishikilia zege la ghorofa jipya. Mingi ni mikaratusi, mti wenye asili ya Australia. Mwaka 2002 nchini Kenya aligunduliwa nyigu anayeushambulia mti huu, na baadaye akaonekana hata kwetu. Ana urefu wa kama milimita moja, na hajengi kiota. Hutaga mayai ndani ya mshipa wa jani changa au kikonyo chake, kisha mti wenyewe humjengea: jani huvimba, na ndani ya kivimbe buu hula na kukua mpaka anapotoboa tundu na kutoka. Jani hujikunja, na mche uliovamiwa sana hudumaa. (Mialoni ya Ulaya nayo ina nyigu wa namna hii, wino wa zama za Luther ulitengenezwa kwa vivimbe vyao.)

Kivimbe kile ni cha nani? Kuta zake ni mti mtupu. Lakini bila nyigu, mti usingezijenga.

Mama mmoja, ambaye mwanawe ni machinga, aliniuliza swali hilohilo kwa njia yake: “Mchungaji, huyu aliyebeti mpaka mtaji wa mwenziwe, ni mwanangu au ni pepo?” Kikundi cha maombi kimemwambia ni pepo. Mjomba anasema ndiyo tabia yake, afukuzwe.

Augustino alifundisha kwamba uovu hauna kitu chake wenyewe. Hula kile chema alichokiumba Mungu. Kijana huyu ana hesabu za haraka, uthubutu, na hamu ya kumjengea mama yake nyumba. Hivyo ndivyo vilivyovimba. Anayesema “pepo” anamnyang'anya kijana kilicho chake. Anayesema “tabia” anautupa mti pamoja na uvimbe. Paulo, katika Warumi 7, anasema dhambi inakaa ndani yake, na bado anayelia ni yeye mwenyewe.

Mfano wangu unakomea hapo, maana mkaratusi hauna kinywa cha kuungama. Nilimshauri mama asimfukuze mwanawe, wala asilipe deni kimyakimya. Waende wote kwa mwenye mtaji, kijana aseme mwenyewe.

“Akisema, Mchungaji, Kariakoo nzima itajua.”

Kweli, itajua.