Komamanga Kwenye Ngao

Chini kabisa ya ngao ya Uhispania, pale ncha inapochomoza, kuna tunda moja dogo. Ukiitazama bendera haraka utaona ngome ya Castilla, simba wa León, milia ya Aragón na minyororo ya Navarra, kisha upite. Tunda lenyewe ni komamanga. Limepasuka ubavuni na mbegu zake nyekundu zinaonekana.

Kwa Kihispania komamanga ni granada, na Granada ndio mji wa mwisho wa Waislamu uliosalimu amri mbele ya Malkia Isabel na mumewe Fernando, Januari 2, 1492. Yaani walichora jina la mji waliouteka. Mkataba wa siku zile uliwaahidi wenyeji dini yao, misikiti yao na sheria zao. Haikuisha miaka kumi, watu wakaanza kubatizwa kwa nguvu. Kati ya 1609 na 1614 wazao wao, Wamoriski, ambao kwa makaratasi walikuwa Wakristo tayari, walifukuzwa nchini. Watu laki tatu hivi, wengi wakaishia Afrika Kaskazini. Tunda lilibaki.

Sasa mtazame tai. Isabel huyo huyo alimpenda tai wa Mtakatifu Yohana, akamweka nyuma ya ngao yake. Baadaye aliachwa. Mwaka 1938, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Franco akamrudisha, pamoja na nira na mishale ya wafalme wale wawili. Franco akafa 1975, tai akabaki. Hata nakala ya asili ya Katiba ya 1978, ile ya demokrasia, ina tai juu yake! Sheria ilimwondoa 1981. Leo mtu akipeperusha bendera yenye tai, Wahispania wanajua yuko upande gani.

Lakini tai alikosa nini? Ndege wa karne ya 15 hakumfunga mtu jela. Utaambiwa kwamba alama haina hatia yake, hatia ni ya mkono ulioishika mwisho. Nilikubaliana na jibu hilo kwa muda, mpaka nilipolirudia lile tunda. Komamanga halikuchafuliwa na mtu baadaye. Lilichorwa likiwa nyara tangu siku ya kwanza. Kama ni kesi, lake ni zito kuliko la tai.

Tofauti ninayoiona ni kwamba walioumizwa na Franco walikuwa hai 1981, na walikuwa na kura. Wamoriski hawakuwa na mtu. Basi tunaposema muda umeponya, huenda tunasema tu kwamba mlalamikaji amekufa. Mwaka 2015 Uhispania ilipitisha sheria ya kuwapa uraia wazao wa Wayahudi waliofukuzwa 1492. Wazao wa Wamoriski hawakutajwa.

Sisemi komamanga lifutwe, la. Watu wa Granada wa leo wanalipenda, wamelichora mpaka kwenye vigae na vibao vya mitaa. Na kulifuta ni kumwondoa shahidi pekee aliyebaki kwenye ngao ile. Ila mtoto wa shule kule Madrid akiuliza tunda hili linafanya nini hapa chini, ningependa asijibiwe tu kwamba ni la mji fulani mzuri wenye jumba la Alhambra.