Saa Tatu Mezani

Kiswahili kinaita vitu viwili kwa neno moja. Saa ni chombo cha mkononi, na saa ni muda wenyewe. Mtu akikuambia amepoteza saa mbili, inabidi umuulize kama ameibiwa au alikuwa kwenye foleni. Kwa hiyo tukiuliza saa ipi ina thamani, kwanza tujue tunazungumzia ipi.

Kaka yangu amenunua Omega Speedmaster mpya, kronografu ya kutia ufunguo kwa mkono, ambayo bei yake inazidi dola 6,000. Jumapili moja tuliziweka mezani saa tatu za nyumbani: hiyo yake, Seiko 5 ya baba, na Casio F-91W yangu ya plastiki. Kwa kazi ya kuonyesha wakati, mashindano yaliisha mapema. Casio ina betri na kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde. Hukosea sekunde zisizozidi 30 hivi kwa mwezi. Omega, kwa kipimo chake rasmi, inaruhusiwa kuzidi hadi sekunde 5 kwa siku. Na kwa bei yake ungepata Casio zaidi ya 200.

Basi kaka alinunua nini? Ufundi, na historia. Buzz Aldrin alivaa Speedmaster mwezini mwaka 1969. Aprili 1970, chombo cha Apollo 13 kilipoharibika, wanaanga walitumia saa ya aina hiyo kuhesabu sekunde 14 za kuwasha injini ili warekebishe njia ya kurudi duniani. Ni historia ya kweli, lakini ni ya watu wengine. Seiko ya baba haijafika popote. Imesimamia mitihani ya darasa la saba kwa miaka mingi. Hujijaza yenyewe kwa mwendo wa mkono, kwa hiyo baba alipolazwa hospitali, ikasimama kabatini siku ya pili.

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alitoa hoja ambayo mpaka leo inawasumbua wenye saa ghali. Ukimwona mtoto anazama bwawani, utaingia majini hata kama nguo zako zitaharibika. Kama nguo si kitu mbele ya uhai, kwa nini iwe hivyo kwa mtoto aliye mbele yako tu, na si kwa aliye mbali ambaye fedha zako zingemwokoa?

Nilimweleza kaka hoja hiyo. Akasema, "Nimewasomesha wawili, wewe ukiwa mmoja wao. Hii moja ni yangu."

Hoja ya Singer haizimwi na jibu hilo, kwa sababu ada ya jana haimtoi majini mtoto wa leo. Lakini kuna jambo hoja hiyo hailioni vizuri. Katika familia nyingi zetu, mwenye mshahara huhesabiwa kama mfuko. Kila akipumua, kuna bwawa jingine. Mtu asiyeruhusiwa kamwe kupenda kitu kisicho na faida kwa wengine, naye amegeuzwa chombo, kama saa. Mimi ninayekula matunda ya mfuko huo sina haki ya kuwa hakimu wake wa kwanza.

Kilichonitia wasiwasi kilikuja baadaye. Mtoto wa dada yetu, baada ya kusikia bei ya Omega, alinyoosha kidole kwenye Seiko akauliza, "Na ya babu ni shilingi ngapi?" Hakuwahi kuuliza hivyo. Kabla ya Jumapili hiyo ilikuwa saa ya babu, basi.

Hapo ndipo naona uzito wa kimaadili wa anasa. Kununua peke yake hakujatudhuru. Hatari ni bei moja ikishatajwa kwa fahari, kila kilicho mezani kudaiwa yake, na kinachokosa jibu kuonekana duni. Kaka anaweza kuivaa saa yake kwa amani ikiwa ataulinda mpaka huo: aseme anaipenda, asiifanye mizani ya kupimia vitu vya wengine. Swali la Singer bado anadaiwa, nami nadaiwa pia, kwa Casio yangu na kwa mengine mengi ninayonunua bila kufikiri kwa sababu ni rahisi.