Kumuuliza Mugeni, na Kumufungia Njia

Je, ni haki kumusimamisha mutu ndani ya inchi yake mwenyewe, mbali na mupaka, na kumuuliza: "Wewe ni nani, unatoka wapi, unaenda wapi?" Hapa kwetu mashariki mwa Congo, swali hili linaleta mabishano mengi. Wamoja wanasema: bila bariyeri, wenye silaha watapita kama upepo. Wengine wanajibu: Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 30, inamupa kila mutu aliye ndani ya inchi haki ya kutembea kwa uhuru, kufuatana na masharti ya sheria.

Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zinasahau jambo moja ambalo wazee wetu walilijua. Mugeni hakuingia kijijini bila kuulizwa. Alipelekwa kwa mwenye mji, akaeleza ukoo wake na safari yake. Lakini aliyeuliza alijifunga mwenyewe: tangu saa ile mugeni alikuwa mikononi mwake. Alimupa maji, chakula na pa kulala. Na kama mugeni alipatwa na mabaya, aibu ilikuwa ya aliyemupokea. Kuuliza kulikuwa ni kuchukua deni.

Ukoloni uligeuza mambo. Bula Matari alimulazimisha Mukongomani kuomba karatasi, passeport de mutation, kusudi aweze kuhama eneo lake. Aliulizwa juu ya kazi yake na kodi yake, si juu ya kulindwa. Ukoloni uliisha tarehe 30 Juni 1960, lakini kamba ilibaki barabarani. Mwaka wa 2017, watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walihesabu bariyeri 798 katika Kivu ya Kaskazini na ya Kusini. Kwa zingine walisimama askari wa serikali, kwa zingine vikundi vyenye silaha.

Watu watasema: asiye na kosa anaogopa nini? Tumuangalie mama anayepeleka unga wa muhogo sokoni. Hakuna anayemushuku, lakini analipa. Kijana aliyepoteza kadi yake ya uchaguzi analipa pia, na akisha kulipa anapita, hata kama hakuna aliyejua yeye ni nani. Basi muuaji naye, akiwa na franga, angepita hivyohivyo. Kamba inayoshuka kwa makuta haimulindi mutu.

Hatusemi kamba zote zikatwe. Mahali penye vita, kuuliza kunaweza kuokoa kijiji kizima. Tunasema tu: anayeuliza ajulikane jina na kazi, asipokee kitu mukononi, na akisha kusema "pita", njia iliyo mbele iwe juu yake. Kama musafiri ananyang'anywa vitu kilometa mbili mbele, na yule wa bariyeri anajibu "hainihusu", basi hakuwa na haki ya kumuuliza hata jina.