Ukubwa wa Tairi na Dhamiri ya Mwenye Lori

Je, sheria ya uzito wa magari yaifunga dhamiri ya Mkristo, au yaufunga mfuko wake tu siku anapokamatwa? Swali hili laonekana dogo. Lakini wako watu wema, wasiokosa Misa ya Dominika, ambao hulijibu vibaya kila juma njiani.

Siku hizi malori na matela mengi hutoka kiwandani na matairi mapana sana, tairi moja nene mahali pa mawili yaliyofungwa pamoja. Mwenye gari akiutazama unene ule husema moyoni, “Hili labeba zaidi.” Hapo macho yamemdanganya. Matairi mawili huutandaza mzigo. Tairi moja, ingawa ni pana, huukusanya mahali padogo, na lami huumia zaidi. Kwa sababu hiyo Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, iliyoweka tani 56 kuwa kikomo cha gari pamoja na shehena yake, huipa ekseli ya matairi hayo mapana uzito pungufu kuliko ile yenye matairi manne.

Wala kiwanda hakikuficha neno. Kibao cha gari chataja uzito ambao kila ekseli imeundwa kuubeba. Ubavuni mwa tairi pameandikwa ukubwa wake, kadiri ya mzigo wake, na tarakimu nne za juma na mwaka wa kutengenezwa, kama 2319, yaani juma la 23 la mwaka 2019. Na anayefunga tairi kubwa kuliko lililokusudiwa hukifanya hata kipimo cha mwendo kuwa shahidi wa uongo: tairi kubwa huenda mbali zaidi kwa kila mzunguko, na mshale huonyesha mwendo mdogo kuliko ule wa kweli.

Wengine watasema, “Nikilipa faini, deni limekwisha.” Ni kweli kwamba zamani wako wanateolojia waliofundisha kuwa sheria kadhaa hufunga kwa adhabu tu, si kwa dhambi. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, ibara ya 30, uliwalaumu wanaodharau kanuni za maisha ya jamii, ukitaja hata zile za mwendo wa magari, kwa kuwa wanahatarisha uhai wao na wa wenzao.

Tena majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950, yalionyesha kwamba ekseli yenye uzito maradufu huiharibu barabara karibu mara 16. Faini yaingia hazina. Shimo labaki njiani. Mama mjamzito anayekimbizwa hospitali, na mkulima ambaye nyanya zake zaoza garini, hawakuonja faida ya tani ile ya ziada, nao ndio wanaoilipa. Tairi likipasuka kwa kuelemewa, anayekufa si tajiri aliyelala nyumbani, bali dereva na utingo wake. Hapo Amri ya Tano na Amri ya Saba huvunjwa pamoja.

Basi, mwenye lori asimlazimishe dereva wake kuchagua kati ya mkate na dhamiri. Na asome kibao cha gari lake kabla ya kupakia, akapakie kwa kadiri, hata katika njia isiyo na mizani. Mizani ya serikali iko mahali pachache. Ya Mungu iko kila mahali.