Hedhi na Wajibu Wetu kwa Mabinti Zetu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu,

Kila aliyepita chuoni kwetu pwani amesoma katika Safinatun Najah mlango wa hedhi: uchache wake ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku kumi na tano, na ghalibu yake ni siku sita au saba. Sisi wenyewe tumeisomesha hesabu hiyo miaka mingi. Lakini twakiri mbele ya Mwenyezi Mungu kwamba hatukupata hata siku moja kuuliza: binti wa maskini, siku hizo sita au saba, hujisitiri kwa kitu gani? Hukumu twazijua, hali hatuijui.

Na hali ni nzito. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliofanywa juu ya wanawake na wasichana 3,418 wa vijiji vya magharibi ya Kenya, wenye umri wa miaka 13 hata 29. Katika wasichana wa miaka 15, mmoja katika kila kumi alisema amewahi kuutoa mwili wake apate pesa za kununua pedi. Ndugu zetu, tulipime neno hili. Sisi twahutubu juu ya zinaa, na huku mlango wake umefunguliwa kwa kukosekana kitu kidogo ambacho baba au jirani angaliweza kukinunua.

Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya wanawake, na kuyaandika ni kukosa haya. Twawajibu: maswahaba walimwuliza Mtume S.A.W. juu ya hedhi, na jawabu likateremka katika Suratul Baqara, nalo lasomwa misikitini mpaka leo. Bibi Aisha R.A. alipoingia mwezini katika safari ya Hija akalia, Mtume hakumtenga. Alimtuliza kwa kumjulisha kuwa jambo hilo Mwenyezi Mungu amewaandikia mabinti wa Adam. Na alikuwa akinywa chomboni mahali pale pale alipoweka mdomo Bibi Aisha, naye yu mwezini. Basi haya ya kweli ni kumsitiri binti asifedheheke, si kunyamaza mpaka afedheheke.

Zamani binti akivunja ungo alikabidhiwa somo wake, akamfundisha usafi na kujitunza. Desturi hiyo imedhoofika katika nyumba nyingi, wala hatukuweka kitu mahali pake. Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya pedi mwaka 2004, na mwaka 2017 sheria ya elimu ikaamrisha kila msichana aliyebaleghe katika shule za umma apewe pedi za kutosha bila ya malipo. Ni jambo jema. Lakini sheria hiyo haimfikii binti aliyekwisha acha shule, wala yule asomaye madrasa tu; na likizo haisimamishi hedhi.

Basi lililo juu yetu ni hili. Kwanza, kila baba ajue kwamba kitu hiki ni katika mavazi yanayompasa kumpa binti yake. Pili, wenye mali wakumbuke kwamba fakiri hupewa zaka ya kumtimizia chakula, mavazi na makazi. Nasi hatuoni vipi kinachositiri damu kitatoka katika mavazi. Tatu, kila madrasa iwe na choo cha wasichana chenye komeo, maji na ndoo ya kutilia taka, na pedi ziwekwe kwa mwalimu wa kike, binti asilazimike kumwomba mwanamume. Na atumiaye vitambaa afundishwe kuvifua kwa sabuni na kuvianika juani, asivifiche uvunguni vikiwa vibichi kwa kuona aibu.

Tutaulizwa juu ya mabinti hawa, kwani ni amana mikononi mwetu. Sisi twaanza na madrasa yetu wenyewe. Nanyi anzeni na zenu.

Wabillahi tawfiq.