Ndege ni Amana, Ewe Dereva

Bismillahi. Ndugu Muislamu unayeendesha lori katika njia za Isangi, zindukana! Ndege wakishuka njiani kuokota punje zilizomwagika, punguza mwendo. Nabii Sulaiman (a.s.), pamoja na ufalme wake wote, alimsikia sisimizi akiwahofia wenzake wasikanyagwe na jeshi lake, wala hakumdharau. Wewe na lori lako ni nani?

Tena, usikubali kuficha matundu ya kasuku chini ya magunia. Mwaka 2016, huko Johannesburg, mataifa yaliafikiana kukataza biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa mwituni. Na kabla yao, Mtume wetu (s.a.w.) aliamuru makinda yaliyochukuliwa warudishiwe mama yao. Nauli ya kuficha haina baraka.

Ewe Mola, tuepushe na chumo la haramu. Amin.